Baada ya Shahada ya Kompyuta: Maneno ya Wauguzi kwa Vijana na Wazazi

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya kuadhimisha miaka 65 ya Uhuru wa Kongo



Kila mwaka kamati hutupa sisi wauguzi dakika chache tuzungumze juu ya afya. Tumekwisha kusema juu ya sukari, juu ya presha, juu ya chanjo za watoto, na juu ya chumvi nyingi kwenye samaki wakavu. Mwaka huu tumeomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo lingine, na tunamshukuru Mwenyekiti kwa kutukubalia. Tutazungumza juu ya watoto wetu waliosomea kompyuta.

Mtatuuliza: wauguzi na kompyuta wapi na wapi? Tutajibu. Tunapokaa na mashine yetu ya kupima presha baada ya ibada, mzazi akinyoosha mkono, mara nyingi swali la kwanza halihusu dawa. Anasema: “Mwanangu amemaliza chuo. Amesomea kompyuta miaka minne. Mbona bado anapanga masanduku usiku?” Mwingine anaongeza kwa sauti ya chini: “Au hakumaliza kweli?” Hapo tunaitazama mashine, na presha imepanda. Kwa hiyo, ndugu zetu, jambo hili limekuwa la afya bila sisi kutaka.

Kuna sababu ya pili. Wengi wetu tulipata shahada ya uuguzi ng'ambo, mbali na nchi tuliyozaliwa na mbali na hapa pia. Tulifika Marekani na cheti mkononi, na bado tukaanza kwa kuosha wazee na kubadilisha mashuka kwenye nyumba za kutunzia wazee, hadi vyeti vikatafsiriwa, vikakaguliwa, na mtihani wa NCLEX ukapita. Umbali ulio kati ya cheti na kazi tunaujua kwa miguu yetu. Kijana anayeuvuka umbali huo leo hatumwoni kama mvivu. Tunamwona kama mwenzetu.

Daraja la mwaka 1960

Kwa kuwa leo ni siku ya uhuru, tuanzie huko. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yetu ilipojitawala, ilikuwa na watu wapatao milioni 15, lakini Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Chuo Kikuu cha Lovanium, pale Léopoldville, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa daktari kamili wa tiba.

Lakini je, hapakuwa na Wakongo waliojua kutibu? Walikuwepo. Walikuwepo wasaidizi wa madaktari, watu waliosoma miaka mingi, waliopima wagonjwa, walioshona majeraha, waliozalisha mama zetu na bibi zetu. Walikosa cheo tu. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi mwaka ule, Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuwapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa, wakamalizia masomo, wakarudi wakiwa madaktari.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Hakuna aliyewaambia waanze darasa la kwanza. Kilihesabiwa kile walichokijua, kikaongezwa kile kilichopungua, na daraja likajengwa kati ya viwili hivyo. Kijana wetu aliyemaliza kompyuta yuko pale pale walipokuwa wale wasaidizi. Anajua mengi, lakini hajapewa cheo. Kilichobaki ni daraja, na daraja hilo sehemu yake iko mikononi mwetu.

Soko lilivyobadilika

Wazazi, tuanze na ninyi, maana ninyi ndio mnaolala vibaya. Watoto wetu wengi walipochagua somo hili, kila mtu alisema kompyuta ndiyo kazi. Walimu walisema, televisheni ilisema, na sisi wenyewe tulisema. Hatukudanganya; ndivyo ilivyokuwa wakati ule.

Kisha mambo yakageuka kwa haraka. Mwezi wa Novemba 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook, ilitangaza kupunguza watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Riba za mikopo zilikuwa zimepanda, na fedha rahisi zilizokuwa zikilisha kampuni changa zikakauka. Watu wenye uzoefu wa miaka kumi wakaingia kwenye foleni moja na mtoto wetu aliyetoka chuoni juzi. Mwezi huo huo wa Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na sehemu ya kazi ndogondogo zilizokuwa zikipewa wanaoanza, ili wajifunzie, ikaanza kufanywa na akili mnemba.

Tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani huhesabu vijana wenye shahada wa miaka 22 hadi 27 wasio na kazi. Kwa takwimu za mwaka 2023, waliosomea sayansi ya kompyuta walikuwa asilimia 6.1, na waliosomea uhandisi wa kompyuta asilimia 7.5. Waliosomea uuguzi walikuwa asilimia 1.4.

Tunajua baadhi ya wazazi wameanza kusema moyoni: “Basi bora angesoma uuguzi.” Tafadhali, mtusikilize hadi mwisho. Mwezi wa Mei 2024, mshahara wa kati wa mtengenezaji programu hapa Marekani ulikuwa dola 133,080 kwa mwaka. Wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 93,600. Wizara ya Kazi ilitabiri kuwa kati ya 2023 na 2033 kazi za kutengeneza na kupima programu zitaongezeka kwa asilimia 17, lakini kazi za kuandika msimbo peke yake zitapungua kwa asilimia 10. Tofauti ya namba hizo mbili ina fundisho. Anayepewa maelekezo na kuyageuza kuwa msimbo tu, kazi yake inapungua. Anayeelewa shida ya watu, akazungumza nao, akaitafutia dawa kwa kompyuta, huyo bado anatafutwa.

Kwa hiyo mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba, lakini nyumba ndani ni kubwa. Kijana anayechelewa mlangoni msimhesabu kuwa ameanguka.

Kazi isiyo na leseni

Kuna tofauti nyingine ambayo sisi wauguzi tunaiona kwa urahisi. Kazi yetu ina lango na mlinzi. Ukipita mtihani, bodi ya jimbo inakupa leseni, na kuanzia siku hiyo mwajiri hana haja ya kuuliza kama wewe ni muuguzi. Kazi ya programu haina bodi wala leseni. Hakuna anayeweza kukuzuia kuifanya, na hakuna anayeweza kukushuhudia kwamba unaiweza.

Ndiyo maana shahada peke yake haitoshi. Mwajiri anataka kuona kitu ambacho mkono wako umekifanya. Kijana anatakiwa awe na kazi mbili au tatu zinazoonekana, amezitunza kwenye GitHub au mahali pengine pa wazi, zinazofanya kazi mtu akizifungua, na aweze kueleza kwa nini alizijenga hivyo na wapi zilimshinda akazirekebisha. Fundi cherehani hatuoneshi cheti, anatuonesha shati.

Ngazi ilivyo

Wazazi wengi wanatuambia hawajui mtoto yuko hatua gani. Basi tuieleze ngazi, kama tunavyoeleza matibabu.

Hatua ya kwanza ni staji, na hufanyika kabla ya kumaliza chuo, mara nyingi majira ya kiangazi ya mwaka wa pili au wa tatu. Kampuni kubwa huanza kutafuta wanafunzi wa staji tangu miezi ya Agosti na Septemba, karibu mwaka mzima kabla. Kijana anayengoja hadi Mei amekuta chombo kimekwisha ng'oa nanga. Wanafunzi wengi wanaopata kazi haraka waliajiriwa pale pale walipofanya staji.

Hatua ya pili ni kazi ya kwanza, na mara nyingi haina jina la kifahari. Inaweza kuwa dawati la msaada, ambapo unapokea simu za watu waliosahau nywila. Inaweza kuwa kupima programu, kutafuta makosa kabla mteja hajayakuta. Inaweza kuwa kutunza data za ofisi. Msizidharau kazi hizi. Sisi tulijifunza hospitali za Marekani tukiwa wasaidizi wa wauguzi: namna ya kuzungumza kwenye mkutano, namna ya kuandika taarifa, namna ya kumwambia mkubwa kwamba kuna kosa bila kumvunjia heshima. Dawati la msaada linafundisha hayo hayo.

Hatua ya tatu ni mtengenezaji programu anayeanza, ambaye kila anachoandika hukaguliwa na wengine. Baada ya miaka miwili au mitatu anaachiwa kazi nzima. Baada ya mitano hivi, akiwa amekomaa, anaitwa mtengenezaji mwandamizi, na ndiye anayewakagua wengine. Kutoka hapo njia inagawanyika: mmoja anabaki kwenye ufundi na kuwa mbunifu wa mifumo mikubwa, mwingine anashika uongozi wa watu. Njia zote mbili ni nzuri. Kwetu kuna mazoea ya kuona kwamba asiye na watu chini yake hajapanda cheo. Huku fundi bingwa anaweza kulipwa sawa na bosi.

Na jambo moja wazazi wengi hawalijui: sehemu kubwa ya watengenezaji programu hawafanyi kazi Google wala Facebook. Wako benki, kampuni za bima, hospitali, viwanda, shule na serikali. Kazi hizo ziko hapa hapa tunapoishi.

Miji yetu mitatu

Tuanze na wenyeji, Louisville. Hapa kuna Humana, kampuni ya bima ya afya. Kuna Waystar, inayotengeneza programu za malipo ya hospitali, iliyoingia soko la hisa mwezi wa Juni 2024. Kuna UPS na Worldport yake, ambako wengi wetu tumefanya zamu za usiku. Kijana anayefanya zamu hizo na kusoma aulize habari za Metropolitan College, mpango ulioanza 1998 ambao hulipa karo ya mfanyakazi wa usiku wa UPS anayesoma Chuo Kikuu cha Louisville au Jefferson Community and Technical College. Na yule ambaye hana shahada, au mwenye shahada lakini mikono imepoa, aijue Code Louisville, ambayo siku hizi inaitwa Code:You. Ilianza mwaka 2013, inafundisha bila malipo, na wanafunzi hupewa washauri ambao wenyewe wako kazini. Rais Obama alikuja mjini hapa tarehe 2 Aprili 2015 kuzungumzia mafunzo ya namna hiyo.

Columbus, ninyi mna mji wa bima na benki. Nationwide iko kwenu, na JPMorgan Chase ina maelfu ya wafanyakazi. CoverMyMeds, inayotengeneza programu za kuomba idhini ya dawa kwa kampuni za bima, ilianzishwa huko Ohio na ikanunuliwa na McKesson mwaka 2017. Sisi wauguzi tunaijua shida hiyo ya idhini ya dawa: mgonjwa anangoja siku kadhaa kwa ajili ya karatasi. Mtu aliiona shida ile, akaifanyia programu, na kampuni kubwa ikazaliwa. Ohio pia ina mpango unaoitwa TechCred, unaomrudishia mwajiri hadi dola 2,000 kwa kila cheti cha teknolojia anachomsomeshea mfanyakazi. Hata wewe uliye ghalani unaweza kumwuliza mkubwa wako kama kampuni inaushiriki. Lakini msitundike maisha kwenye ahadi moja. Intel ilitangaza Januari 2022 kwamba itajenga viwanda vya vipuri vya kompyuta karibu nanyi, vianze kazi mwaka 2025. Februari 2025 ilisema cha kwanza kitakuwa tayari mwaka 2030 au 2031. Vijana waliosoma wakikingojea kiwanda kile wanahitaji mlango mwingine wa leo.

Buffalo, mji wa theluji na wa watu wenye moyo. Benki ya M&T imeweka kituo chake cha teknolojia kwenye jengo la Seneca One, katikati ya mji. ACV Auctions, ya minada ya magari kwa kompyuta, ilianzishwa kwenu 2014, ikashinda dola milioni moja kwenye shindano la 43North mwaka uliofuata, ikaingia soko la hisa 2021. Watoto wanaomaliza shule za umma za Buffalo wana msaada wa karo wa Say Yes. Jimbo la New York lina Excelsior, kwa familia ambazo kipato chao hakizidi dola 125,000, kusoma vyuo vya umma kama Chuo Kikuu cha Buffalo. Ila msome masharti: mwanafunzi lazima amalize krediti 30 kila mwaka, na akimaliza lazima aishi New York miaka sawa na ile aliyosaidiwa, la sivyo msaada unageuka mkopo. Kijana wa Excelsior asikubali kazi Texas kabla ya kuhesabu hilo.

Waliokuja na shahada kutoka nyumbani

Sasa tuwakumbuke kaka na dada zetu waliosomea informatike nyumbani, kule ISIG ya Goma, au Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa. Hawa mara nyingi husahaulika, kwa sababu wana umri, wana watoto, na Kiingereza chao kimechanganyika na Kifaransa.

Ushauri wetu ni ule ule tulioutumia sisi. Kwanza, cheti kikaguliwe na wakala anayetambulika, kwa mfano World Education Services. Jiandaeni kwamba gradua ya miaka mitatu mara nyingi haihesabiwi kuwa shahada kamili ya hapa, lakini masomo yake yanaweza kuingizwa kwenye chuo cha jamii au chuo kikuu, ukapunguziwa miaka. Pili, wasifu wa kazi wa hapa si ule wa Kifaransa tuliozoea. Hapa hatuweki picha, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watoto wala hali ya ndoa. Ukurasa mmoja, na kila mstari useme ulifanya nini na kikaleta nini. Tatu, msiufiche uzoefu wa nyumbani. Aliyetunza mtandao wa ofisi Goma kwa umeme unaokatika kila saa anajua kitu ambacho mhitimu wa hapa hajawahi kukiona. Lazima akieleze kwa Kiingereza chepesi, bila aibu ya lafudhi.

Tulikosa nini, na tunaomba nini

Ndugu zetu, tukiona mgonjwa haponi, hatumlaumu tu. Tunauliza nyumbani kuna nini. Nyumbani kwetu kuna mambo mawili.

La kwanza ni mzigo. Kijana huyu mmoja analipa sehemu ya kodi ya nyumba, anamtafsiria mama hospitalini, anapeleka wadogo shule, na tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 anatuma fedha kwa jamaa waliokimbia kambi. Anafanya zamu ya usiku, analala saa nne, kisha tunamwuliza kwa nini hajaomba kazi ishirini wiki hii. Usaili wa kazi za programu unahitaji mazoezi ya wiki nyingi, na akili iliyochoka haifanyi mazoezi. Hili tunalisema kama wauguzi: usingizi wa saa nne kila siku ni ugonjwa.

La pili ni ulimi. Kuna maneno yanayosemwa kwenye sherehe kama hii, sahani zikiwa mkononi: “Yule kompyuta imemshinda.” Kijana anayasikia. Mwaka unaofuata haji sherehe, kanisani anakaa nyuma, na simu hapokei. Tumekaa na baadhi yao. Tumewasikia wakisema hawaoni faida ya kuamka asubuhi. Mzazi akisikia mwanawe anasema maneno hayo, asingoje. Ampeleke kwa daktari, au apige simu namba 988 saa yoyote, mchana au usiku. Hatupendi kuwatisha kwenye siku ya furaha, lakini tungekuwa wauguzi wabaya kama tungenyamaza.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Tunayo likelemba. Tunachanga kwa harusi, tunachanga kwa msiba, tunachanga kusafirisha maiti. Tuwe na mchango mmoja wa kiangazi kwa ajili ya vijana wa staji na wa kazi ya kwanza: kompyuta nzuri kwa asiye nayo, nauli, na kodi ya miezi miwili kwa anayepata staji mji mwingine. Na kijana wa Buffalo akipata staji Columbus, familia moja ya Columbus impe chumba. Kwetu mgeni hakulala hotelini.

Pili, kila mmoja wetu anayefanya kazi kwenye hospitali, benki au kiwanda atazame ukurasa wa nafasi za kazi wa mwajiri wake mara moja kwa wiki, na kuwatumia vijana. Waajiri wengi hupokea jina linalopendekezwa na mfanyakazi wao. Hata mfagiaji ana haki ya kupendekeza.

Tatu, familia ikae na kijana aliyemaliza chuo, ikubaliane naye muda, tuseme miezi sita au minane, ambapo zamu zake zinapunguzwa na mchango wake nyumbani unapunguzwa, naye anaahidi kuonesha kila wiki alichofanya. Muda ukiisha, mkae tena. Mkataba ulio wazi unapunguza ugomvi.

Kwa ninyi vijana

Nanyi vijana, hatutawaacha. Msikae peke yenu na kompyuta chumbani mkituma maombi mia tatu yanayofanana. Tumeni machache yaliyoandikwa vizuri, kisha tafuteni mtu wa kuzungumza naye ndani ya kampuni ile. Fanyeni mazoezi ya usaili kwa sauti, wawili wawili. Ijueni akili mnemba na mwitumie, lakini msikabidhi kazi ambayo hamwezi kuieleza wenyewe. Kwenye usaili itawaumbua.

Na tazameni shida zilizo mbele ya macho yenu. Mama zetu wanapewa karatasi ya dawa kwa Kiingereza, wanaikunja na kuiweka kwenye mkoba. Ujumbe wa hospitali unaingia kwenye simu, hawawezi kuusoma, miadi inapita. Sheria inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpe mgonjwa mkalimani bila malipo, lakini wengi hawajui kuomba. Nani atatengeneza programu rahisi ya kumkumbusha bibi dawa zake kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa Kiswahili kile cha Bukavu na Uvira anachokielewa? Ninyi mnajua Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, na wengine Kibembe, Kifuliiru au Kinyarwanda. Wenzenu darasani hawakuwa na hazina hiyo. Jengeni kitu kidogo kama hicho, na sisi wauguzi tutakijaribu pamoja nanyi na kuwaambia kinapokosea. Sharti letu ni moja: siri za wagonjwa haziingii humo, hata jina moja. Hata kama hakitaleta fedha, siku ya usaili mtakuwa na la kusema ambalo hakuna mwingine analo.

Ndugu zetu, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nyingi yake upande wa Kolwezi, na koltani inatoka Rubaya, ambako ndugu zetu wanachimba kwa mikono. Madini hayo yamo kwenye betri na vipuri vya simu zote zinazotupiga picha hapa jioni hii. Kwa miaka 65 tumekuwa watu wa kutoa jiwe. Vijana hawa wameshika upande wa pili wa kazi, upande wa akili inayoliendesha jiwe lile. Wakikwama mlangoni, hasara si yao peke yao.

Basi, baada ya chakula, kabla muziki haujaanza, tutakuwa kwenye meza ile ya kushoto karibu na mlango. Mashine ya presha ipo kama kawaida. Safari hii kuna pia daftari lenye kurasa tatu, moja kwa kila mji. Kijana aliyemaliza kompyuta aandike jina, alichosoma, na anachohitaji. Anayeweza kutoa chumba, ushauri au mchango naye aandike. Wazee tunawaomba mtangulie, ili vijana wasione haya kuwafuata.

Mungu aibariki Kongo, awape amani walio Kivu na Ituri, aibariki na nchi hii iliyotupokea. Heri ya Uhuru.